Kamera ya mezani, programu ya maswali na miwani: wiki nane za kufundisha dini

Swali nililiona jepesi: Biblia ina vitabu vingapi? Majibu manne, kila moja na rangi yake: 27, 39, 66, 73. Sekunde 20. Nililitunga usiku macho yakiwa mazito, nikaweka tiki kwenye 66, nikalala. Asubuhi wanafunzi 38 wameinamia vishikwambi, wawili wawili, muziki wa programu unadunda, muda ukaisha na jibu likaruka ubaoni. Nusu ya darasa wakashangilia. Binti mmoja wa safu ya pili hakushangilia. Yeye na mwenzake ndio waliokuwa wa kwanza kubonyeza, wakabonyeza 73, na sasa kishikwambi chao kimegeuka chekundu.

"Mwalimu," akasema, "Biblia yangu iko kwenye begi. Tuhesabu?"

Tukahesabu. Agano la Kale 46, Agano Jipya 27. Tobiti, Yudithi, Wamakabayo viwili, Hekima ya Sulemani, Yoshua bin Sira na Baruku: hivyo saba yeye Mkatoliki anavyo na jirani yake Mprotestanti hana, ndiyo maana wa jirani anafika 66 na kukoma. Angekuwepo Muorthodoksi wa Ethiopia angetupeleka hadi 81. Dakika kumi za hesabu ile zilikuwa tamu kuliko kipindi kizima, na mchango pekee wa programu ulikuwa kumwambia mtoto aliyepata kwamba amekosa. Na hata hilo kosa ni langu, si lake.

Niko mwaka wa mwisho wa ualimu na nimetoka kumaliza wiki nane za mazoezi ya kufundisha, somo la dini. Si dini moja. Ni zote zilizomo darasani na nyingine zisizokuwemo. Mimi ni Muislamu niliyekulia madrasa. Mwalimu wangu mlezi ni mama Mkatoliki aliyeanza kazi enzi za chaki na rula ya mbao. Chuo kiliniazima vitu vitatu: programu ya maswali ya kushindana, jozi mbili za miwani ya uhalisia pepe, na kamera ya mezani, ile yenye shingo ndefu inayotazama chini na kurusha ubaoni chochote ulichokiweka. Majina ya kampuni nayaacha, kwa sababu niliyokutana nayo utayakuta kwa kampuni yoyote. Nilichokuwa napima ni kimoja tu: wanafunzi wakifika mahali hawakubaliani, na kwenye kipindi cha dini mnafika hapo kila baada ya dakika tano, kifaa kinafanya nini?

Nianze na programu ya maswali, kwa kuwa ndiyo iliyonipa umaarufu wa muda mfupi.

Mvuto wake hauna ubishi. Watoto waliokuwa wakiingia kwenye kipindi cha dini kama wanaopelekwa kung'olewa jino walianza kunisubiri mlangoni. Kwa msamiati ni kiboko. Sinagogi, gurdwara, Kwaresima, zaka, nirvana, nani anaabudu wapi na siku gani: mizunguko mitatu ya dakika nne nne na maneno yamekaa. Ningekuwa nafundisha majina tu ningeipa nyota tano nikaenda zangu.

Ila alama zake zinafuata kasi. Anayepata ndani ya sekunde mbili anavuna nyingi kuliko anayepata ndani ya sekunde kumi na tano. Kwenye jedwali la kuzidisha, sawa. Mimi niliuliza amri ya pili kati ya zile kumi ni ipi. Kwa Mkatoliki na Mlutheri ni kutolitaja bure jina la Mungu. Kwa Mwanglikana ni kutojifanyia sanamu. Kwa Myahudi ya kwanza ni lile tamko lenyewe, kwamba Mimi ndimi Bwana Mungu wako, na ya pili inaanzia kwenye kutokuwa na miungu mingine. Andiko ni lile lile, Kutoka sura ya 20, na kumi zinabaki kumi; kinachotofautiana ni mahali pa kukata. Safari hii nilikuwa nimejanjaruka: programu inaruhusu majibu zaidi ya moja, nikayatiki yote matatu. Kila mtu akapata kijani. Kila mtu akafurahi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza imekuwaje wote wamepata kwa majibu tofauti, maana swali la saba lilikuwa limeshaanza kuhesabu sekunde.

Pale ndipo nilipoikumbuka 66 yangu kwa upendo.

Kuna kitufe ambacho kwenye semina ya chuo hakikutajwa kabisa, kimejificha kwenye mipangilio, ukurasa wa pili chini. Kinazima alama, kinazima saa, kinaficha majina, na mwanafunzi anaandika sentensi yake mwenyewe badala ya kuchagua rangi. Nilikijaribu wiki ya nne, kwa swali hili: je, mtu anaweza kuwa mwema bila dini? Kimya. Hakuna muziki. Vidole vinaandika, vinafuta, vinaandika tena. Sentensi zikaanza kupanda ubaoni moja moja, bila majina. Nyingi zilikuwa zile za kumfurahisha mwalimu. Kisha ikapanda moja: "Babu yangu hakuwa na dini na ndiye alinilea." Sijui ni nani aliyeiandika na sikutafuta kujua. Aliyesema baadaye kwa sauti, "Basi swali siyo kama inawezekana, swali ni alijifunza wapi," alikuwa kijana ambaye tangu wiki ya kwanza sikuwahi kusikia sauti yake isipokuwa kwenye kuitika jina.

Nilitaka kuishia hapo niisifu. Lakini wiki iliyofuata nilirudia mtindo ule ule na mtu, kwa kuwa jina halionekani, akaandika tusi kuhusu dini ya wenzake. Lilikaa ubaoni kama sekunde nne. Sikumbuki kutafuta kitufe. Nakumbuka nimeshika waya wa projekta mkononi na umeshachomoka. Kipindi kilichobaki tulizungumza, si vizuri sana. Mwalimu mlezi alikuwa amekaa nyuma na daftari lake. Tulipotoka alisema tu, "Zamani karatasi za maswali tulikuwa tunazisoma wenyewe kwanza, mwanangu, kabla ya kuzisoma kwa sauti." Ni kweli, na programu nayo inalo hilo: unaweza kuamuru sentensi zije kwako kwanza ndipo uziruhusu kupanda. Kwa nini mpangilio huo haujawashwa tangu kiwandani, mimi sielewi. Ukichukua programu ya aina hii kwa ajili ya somo la dini, hilo liwe la kwanza kulitafuta, kabla hujachagua hata rangi.

Miwani sitaizungumzia sana. Jozi mbili kwa watu 38, fanya hesabu mwenyewe. Simu inaingizwa mbele ya miwani, inachemka, na baada ya watumiaji sita inaomba chaji. Wawili walishikwa na kizunguzungu, mmoja wao kweli kweli. Kioo kinapata ukungu wa jasho na unatembea na kitambaa kama mng'arisha viatu.

Lakini kuna jambo lilitokea ndani ya miwani linalostahili kusimuliwa. Nilikuwa nimepakua picha ya mzunguko ya Hagia Sophia ya Istanbul, nikijua ni mfano mzuri: kanisa lililokamilika mwaka 537, msikiti kuanzia 1453, makumbusho kuanzia miaka ya 1930, msikiti tena tangu 2020. Nimeshawaambia sasa ni msikiti. Kijana akavaa miwani, akageuka kushoto, akageuka kulia, akainama. "Mwalimu, mbona wanasali kwenye marumaru tupu? Zulia liko wapi?" Picha ilikuwa ya zama za makumbusho. Jengo lilikuwa limeshahama kutoka kwenye picha yake. Mwingine akaivaa, akazunguka, akaivua: "Pazuri. Ila hakuna mtu." Nimelifikiria sana neno hilo. Picha nyingi za namna hiyo hupigwa sehemu ikiwa tupu ili ionekane vizuri, na mwanafunzi anatoka akidhani ibada ni dari na nguzo.

Nilikuwa na nyingine ya Makka. Hapo binti mmoja Mkristo alishika miwani mkononi bila kuivaa, akaniuliza kama wasio Waislamu wanaruhusiwa kuangalia, kwa kuwa nilishawafundisha kwamba kuingia kwenyewe hawaruhusiwi. Nilimjibu kwamba kuangalia hakuna tatizo. Akaivaa, akahesabu watu wanaozunguka Kaaba wanapita upande gani, akaniambia wanaenda kinyume cha saa. Sahihi. Lakini swali lake la kwanza lilikuwa zito kuliko jibu langu, na nililijibu haraka mno kwa kuwa foleni ya miwani ilikuwa ndefu.

Sasa kamera, ambayo sikuitaka. Kwenye orodha ya kuazima niliiona ikanikumbusha ofisi. Niliichukua kwa sababu ya aibu.

Aibu yenyewe ni hii. Wiki ya pili niliweka Bismillahi kwenye slaidi. Nyumbani kwenye kompyuta yangu imekaa vizuri, maandishi makubwa, yamenyooka. Darasani kwenye kompyuta ya shule, ambayo haikuwa na fonti ile, herufi zilitoka moja moja, kila moja imesimama peke yake, na zaidi ya hapo zimepangwa kutoka kushoto kwenda kulia. Herufi za Kiarabu zinashikana. Ba ya mwanzo wa neno si ba ya mwisho kwa umbo. Ukizitenganisha na kuzigeuza hupati neno lenye makosa, hupati neno kabisa. Kijana mmoja aliyesoma madrasa alianza kucheka, kisha akaacha ghafla, uso ukabadilika. "Mwalimu, hiyo siyo Qur'ani." Na mimi nimesimama pale, mhitimu wa madrasa, na rimoti mkononi.

Suluhisho la kifundi ni kuweka andiko kama picha badala ya maandishi, na tangu siku ile nafanya hivyo. Lakini mwalimu mlezi aliniuliza swali la kawaida kabisa: "Kwani msahafu wenyewe hauna?" Ninao.

(Kabla sijaendelea: usiku ule ule wa hasira niliijaribu pia programu moja ya kuzungumza na akili mnemba, nikaiomba aya za kufundishia uvumilivu. Ikanipa kwa adabu kubwa aya ya 34 ya Suratul Mulk. Suratul Mulk ina aya 30. Nilifunga kompyuta.)

Kesho yake nikatia udhu mapema, nikaweka marufaa, kile kibao cha kuegemezea msahafu, juu ya meza, msahafu juu ya marufaa, na kamera juu ya yote. Somo la kwanza la kifaa: marufaa yana mteremko, na kamera inapenda kitu kilicholala. Nusu ya juu ya ukurasa ilikuwa kali kama wembe, nusu ya chini ukungu. Kuulaza msahafu mezani sikutaka. Nikagundua shingo inapinda, nikaiinamisha kufuata mteremko, ukurasa mzima ukakaa. Somo la pili: kila mkono unapopita, kamera inahangaika kutafuta umbali upya, picha inavimba na kunywea mpaka watu wanaona kichefuchefu. Kuna kitufe cha kuifunga isihangaike. Kibonyeze mara moja, usahau.

Nilifungua mwanzo wa Suratul Baqara, aya ya pili, na kuivuta mpaka mstari mmoja ukajaa ubao. Nilitaka tu waone mwandiko. Wao wakaona kitu kingine. "Hivi vidoti vitatu vitatu ni vya nini?" Viko sehemu mbili, pembetatu mbili ndogo juu ya mstari, moja kabla ya neno lenye maana ya "ndani yake" na moja baada yake. Kwenye msahafu wa kawaida ni vidogo kuliko punje ya mchele. Ubaoni vilikuwa kama ngumi. Nikamwachia yule kijana wa "hiyo siyo Qur'ani" aeleze. Akasimama, akasoma kwa sauti mara mbili. Ukisimama kwenye vidoti vya kwanza, Kitabu hiki hakina shaka. Ndani yake mna uongofu kwa wacha Mungu. Ukisimama kwenye vya pili, Kitabu hiki hakina shaka ndani yake. Ni uongofu kwa wacha Mungu. Unachagua kimoja, kusimama pote pawili hairuhusiwi, na vyote viwili ni sahihi.

"Kwa hiyo majibu ni mawili," akasema yule binti wa 73, "na yameandikwa humo humo?"

Mimi nimeisoma aya hiyo tangu nikiwa na miaka saba. Nilifundishwa nisimame wapi, nikasimama. Sikumbuki kama niliwahi kuviangalia vile vidoti kwa dakika nzima.

Binti akaja mbele na Biblia yake. Akaifungua Luka 23, aya ya 43, Yesu akizungumza na mhalifu aliyesulubiwa naye. Aliambiwa na shangazi yake, alisema, kwamba watu hubishana hapo juu ya koma: nakuambia, leo utakuwa nami, au nakuambia leo, utakuwa nami. Tukaiweka chini ya kamera. Akaweka ncha ya penseli kwenye koma iliyochapwa, akaisogeza hewani neno moja mbele, akairudisha. Ubaoni ile penseli ilikuwa nene kama mti. Darasa zima lilikuwa linaangalia ncha ile. Nikawaambia kwamba hati za zamani za Kigiriki hazikuwa na koma, kwamba hata namba za aya kwenye Agano Jipya zilianza kuchapwa hivyo mwaka 1551 na Robert Estienne, mchapaji Mfaransa, na mgawanyo wa sura, uliotangulia ule wa aya, unahusishwa na Stephen Langton, askofu Mwingereza wa karne ya 13. Mvulana wa nyuma akauliza: kumbe walioandika hawakujua wako aya ya ngapi? Hawakujua.

Hakuna aliyepata alama hata moja siku hiyo. Kengele ililia na watu wanane walikuwa wamezunguka meza, wengine wanaangalia ubao, wengine wameacha ubao wanaangalia karatasi yenyewe.

Si kila kitu kinafaa kuwekwa chini ya kamera, na hili halimo kwenye kijitabu cha maelezo. Tulipofika kwenye dini ya Sikh niliuliza kwanza, kisha nikaacha. Guru Granth Sahib, andiko lao takatifu, ina kurasa 1430, na kwao si kitabu cha kuazima ukaweka juu ya meza ya darasa. Ni Guru, yaani mwalimu, aliye hai, hukaa juu ya kiti chake chini ya dari ya kitambaa, na aliye mbele yake huvua viatu na kufunika kichwa. Nilitumia picha ya ukumbi wa gurdwara, nyumba yao ya ibada, nikawaeleza kwa nini sikuleta zaidi ya picha. Walielewa haraka kuliko nilivyotegemea.

Kasoro za kamera zipo. Karatasi yenye kung'aa inarudisha mwanga wa taa na unaona doa jeupe mahali pa aya. Zima taa ya kamera, tumia ya dirishani. Picha inachelewa kidogo, ukionyesha kwa kidole ubaoni kidole kinafika baadaye, unajizoesha. Siku ya kwanza kila kitu kilitokea juu chini mpaka mwanafunzi akanionyesha kitufe. Na usisahau kwamba iko wazi muda wote. Nilishawahi kuweka andalio la somo chini yake huku nikitafuta kalamu, na darasa likasoma kwa pamoja maandishi yangu ya pembeni: "Safu ya nyuma wanalala, waamshe kwa mfano wa mpira." Safu ya nyuma waliamka bila mpira.

Faida yake kubwa kwangu ni kwamba haihitaji intaneti, haihitaji akaunti, haiombi mtoto jina wala tarehe ya kuzaliwa. Unachomeka waya mmoja. Siku intaneti ilipokatika programu ya maswali ilibaki na duara linalozunguka, kamera ikaendelea.

Nyota basi, kwa mnaozitaka. Programu ya maswali: tatu, na kwa kitufe kile kilichofichwa ningeongeza ya nne iwapo sentensi zinapita kwako kwanza. Miwani: mbili, moja kati ya hizo ni ya zulia la Hagia Sophia. Kamera: nne na nusu. Nusu niliyoizuia ni ya skrubu ya shingo, ambayo imelegea kwa kuinamishwa kila siku kufuata marufaa. Nimeizungushia gundi ya karatasi. Narudisha Ijumaa. Atakayeichukua baada yangu asiivute kwa kichwa, aishike shingoni.